Bugali ya Waitalia na Fromaji ya Masisi

Kila mwaka, katika kalasi ya historia, tunawauliza wanafunzi swali moja: chakula cha asili yetu ni kipi? Majibu yanaanguka kama mvua ya Aprili. Watoto wa Masisi wanasema bugali na maharagi. Wa Walikale wanasema ndizi, sombe na samaki wa mto Lowa. Kisha mmoja wa nyuma, hakosekani, anaita kwa sauti: "Fromaji!" Kalasi nzima inacheka. Juu ya nini wanacheka? Juu wote wanajua kwamba fromaji ililetwa na Wazungu.

Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha kwamba yule wa nyuma hakukosa sana, na kwamba wenzake hawakupata sana. Jambo hili hatukulikuta katika kitabu. Tulilikuta mezani, mbali na nyumbani, katika nchi ya Italia.

1. Zawadi ambayo haikufika

Tarehe 23 Oktoba 2011, huko Roma, Papa Benedikto wa 16 alimtangaza kuwa mtakatifu Askofu Guido Maria Conforti, yule aliyeanzisha shirika la wamisionari Wasaveri katika mji wa Parma mwaka 1895. Shirika hilo lina historia ndefu katika Kivu. Watu wake wa kwanza walifika upande wa Uvira mwaka 1958. Kikundi kidogo cha walei na walimu wa kwetu kilipata nafasi ya kwenda kuhudhuria, na kisha kupita Parma. Nasi tulikuwamo, tungali walimu vijana, na diploma yetu ya ISP ilikuwa bado inanukia wino.

Ndani ya mfuko tulibeba zawadi moja: fromaji ya Masisi, mviringo mzima wa kilo mbili hivi, umefungwa kwa kitambaa safi na juu yake plastiki. Ilikuwa ya padri mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi Kivu kabla ya kurudi kwao kupumzika. Alikuwa ametuandikia kwa Kiswahili chetu: "Mukikuja, musisahau fromaji."

Fromaji ile haikufika. Katika uwanja wa ndege wa kwanza wa Ulaya, mtu wa forodha aliifungua, akainusa, akatuuliza karatasi zake. Karatasi gani? Fromaji nayo iko na karatasi? Akatuonyesha tangazo ukutani: msafiri anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuingia na nyama wala vitu vya maziwa mkononi. Akaitia ndani ya pipa. Sheria ni sheria, hatuwezi kumlaumu. Lakini tulibaki kutazama lile pipa. Tulikuwa tunawaza bidoni za maziwa zilizobebwa kichwani asubuhi kwa baridi, na barabara ya Masisi mpaka Sake, na lori lililokwama kwenye matope.

2. Sahani zinazokuja kwa mstari

Siku ya kwanza Roma walituletea spageti. Spageti si ngeni kwetu; Goma inauzwa katika kila duka, na mama zetu wanaipika mpaka inalegea, pamoja na nyanya na kitunguu. Wengine wanaila asubuhi na mayai. Ile ya Roma ilikuwa ngumu kidogo ndani. Mwenzetu mmoja wa Walikale akanong'ona: "Hawa banatuharakisha, haiyaiva." Baadaye tukaelezwa kwamba njo upishi wenyewe: inatolewa motoni ingali inalipa jino kazi.

Kosa la pili lilikuwa letu. Tulidhani ile sahani ndiyo chakula chote, tukaongeza mara mbili, kumbe ilikuwa mlango tu. Nyuma yake ikafuata nyama, kisha majani, kisha matunda, na sisi tumekwisha kushiba tunatazamana. Kwetu chakula kinawekwa chote mara moja, mtu anajua mapema ukubwa wa vita. Kwao vinakuja kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, sawa wanafunzi mbele ya bendera.

Divai ilikuwa mezani mchana na usiku, hata mbele ya mapadri. Tuliona mzee anamimina kidogo, anaongeza maji, anakula nayo pole pole. Pale tulipokaa, divai ilikuwa mwenzake mkate. Kasiksi yetu nayo ina kazi yake na adabu yake. Ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa kwa majani, maji yake yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa yachachuke. Siku ya kunywa, mwenye nyumba anaonja wa kwanza ili wageni wajue haina ubaya. Lakini kasiksi haikai na sahani. Inakaa na mambo ya watu: ndoa, kilio, kazi ya pamoja ya shamba, kupatanisha waliogombana. Kila kinywaji kinatumwa kazi na wenyewe.

Kahawa ndiyo iliyotuuma zaidi. Waitalia wanainywa wamesimama, kikombe kidogo kuliko ngumi ya mtoto, nyeusi, mara mbili tatu mdomoni, kisha mtu anakwenda zake. Mwenzetu mmoja aliomba kahawa yenye maziwa baada ya chakula cha mchana, mhudumu akacheka kwa upole: ile ni ya asubuhi tu. Sasa tutafakari. Italia si nchi ya mashamba ya kahawa. Baridi yake haiyaruhusu. Jina lenyewe lilitoka kwa Waarabu, na mti wake ulitoka Ethiopia. Lakini mwaka 1884 mtu wa Turin, Angelo Moriondo, alipata hati ya mashine ya kupika kahawa kwa nguvu ya mvuke. Wengine wakaitengeneza zaidi baada yake, na leo dunia nzima inaita kahawa ya namna ile kwa neno la Kiitalia, espresso. Sisi tunaoishi kando ya ziwa Kivu, ambao wazazi wetu walilima arabika kwa jembe na kuikausha kwenye mikeka, wengi tulikuwa hatujawahi kuonja kahawa ya shamba letu wenyewe. Tuliijua kama magunia. Tuliijua pia kama kilio, kwa ajili ya wale waliozama ziwani usiku wakivusha kahawa kwa mitumbwi.

3. "Basi tutakula bugali"

Tulipofika Parma, yule padri mzee alitusalimia mmoja mmoja, akatuuliza habari za mvua na za volkano, kisha akauliza: "Na fromaji yangu?" Tukamwambia. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Bon. Basi tutakula bugali."

Tulifikiri ni mzaha. Akatupeleka jikoni. Palikuwa na sufuria kubwa ya shaba, maji yenye chumvi yanachemka, unga wa mahindi ya njano, na mwiko mrefu wa mti. Alinyunyiza unga kidogo kidogo huku akikoroga, na akaendelea kukoroga karibu dakika 40. Mama mmoja wa Masisi alishindwa kujizuia. "Padri, leta hapa," akamwondolea mwiko mkononi, akakoroga kwa mikono miwili sawa anavyofanya nyumbani. Ilipoiva, mzee akaimimina juu ya ubao, ikatulia mviringo kama mwezi, akaikata kwa uzi. Wao wanaiita polenta. Ikaja na mchuzi wa nyama na uyoga. Sisi tukaikata kwa mkono, tukatoboa shimo kwa kidole gumba, na yeye akafanya vilevile, juu Kivu ndiyo ilimfundisha.

Alituambia kwamba kwao, upande wa Vicenza, watu maskini walikula kitu hiki asubuhi, mchana na usiku. Njo maana Waitalia wa kusini waliwacheka wale wa kaskazini kwa kuwaita "wala-polenta". Mizaha ya namna hiyo tunaijua sana. Kwetu pia mtu anaweza kupewa jina la sahani yake, na tumekwisha kuona mizaha mingine inaishia wapi.

Hapo tulielewa jambo moja la historia ya Kivu. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi, Wasaveri watatu waliuawa Baraka na Fizi: Bruda Vittorio Faccin, Padri Luigi Carrara na Padri Giovanni Didonè, pamoja na Abbé Albert Joubert. Wote wanne walitangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Wale Waitalia watatu walizaliwa upande wa Vicenza na wa Bergamo, nchi ya polenta. Vijana wale walipofika Kivu na kuwekewa sahani ya bugali, haikuwa ajabu ya Afrika. Ilikuwa sahani ya mama zao.

4. Mezani, mgeni ni nani?

Mahindi si ya Italia. Yalitoka Amerika baada ya safari za Kristofa Kolombo, na katikati ya karne ya 16 yalikuwa yamekwisha kulimwa upande wa Venisi. Kabla ya hapo watu wa kule walikoroga unga wa mtama, wa ulezi na wa nafaka nyingine. Mahindi yalipofika yakakuta mwiko uko tayari, yakaingia ndani ya sufuria ya zamani.

Je, kwetu? Ni hadithi ileile. Mahindi na mihogo vilifika pwani za Afrika na meli za Wareno tangu karne ya 16, vikapanda pole pole kutoka mkono mpaka mkono mpaka vikatufikia katika milima na misitu. Vilikuta mtama na ulezi wa wazee wetu, na mwiko uko tayari. Maharagi nayo yalitoka Amerika. Viazi vya Masisi, viazi vitamu, nyanya, vyote Amerika. Hata ndizi ya Walikale, ambayo bila yake hakuna ndoa wala kilio, ilitoka Asia. Tofauti yake ni kwamba yeye ni mgeni wa zamani sana. Kwa hiyo mwanafunzi anayejibu "bugali na maharagi" anataja sahani yenye wageni wawili, na anamcheka mwenzake aliyetaja wa tatu.

Wala Waitalia si tofauti. Mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi aliandika mwaka 1154 kwamba huko Trabia, karibu na Palermo katika kisiwa cha Sisilia, watu walitengeneza tambi nyingi na kuzipeleka kwa meli katika nchi za Waislamu na za Wakristo. Marco Polo alirudi Venisi mwaka 1295. Basi ile hadithi kwamba ni yeye aliyeleta spageti kutoka China tunaweza kuiacha. Nyanya, ambayo leo hatuwezi kufikiri spageti bila yake, inatajwa katika maandishi ya Italia mwaka 1548 tu, na muda mrefu watu waliiogopa na kuitazama kama pambo. Ukiwaondolea wageni wote, meza ya Mwitalia inabaki na mkate, divai, mafuta ya zeituni na jibini. Lakini nani atathubutu kumwambia kwamba spageti ya nyanya si yake?

Basi, chakula cha watu ni kile wanachokijua kazi yake kuanzia shamba mpaka mdomo, wanachoweza kumfundisha mtoto bila kufungua kitabu. Mahali kilipozaliwa ni jambo jingine.

5. Waliochukua mbegu bila akili yake

Padri mzee alituonya tusisifu polenta mno. Katika karne ya 18 na ya 19, maskini wa kaskazini mwa Italia walipatwa na ugonjwa unaoitwa pelagra. Ngozi inakuwa nyekundu, inakauka na kupasuka kwa jua, tumbo linaharisha, akili inapotea, na mwishowe mtu anakufa. Jina hilo lilitolewa na daktari wa Milano, Francesco Frapolli, mwaka 1771, kutokana na maneno ya wakulima wenyewe: ngozi kali. Hesabu ya mwaka 1881 ilikuta wagonjwa zaidi ya 100,000. Wengine walidhani ni mahindi yaliyooza. Katika miaka ya 1910 na 1920 daktari Joseph Goldberger, huko Marekani, alionyesha kwamba ni chakula cha namna moja tu kinachowaua watu, na mwaka 1937 ikajulikana vitamini inayokosekana.

Lakini ajabu iko hapa. Wenyeji wa Meksiko walikula mahindi kwa maelfu ya miaka bila pelagra. Juu ya nini? Kwa sababu mama zao walichemsha mahindi kwanza katika maji ya chokaa au ya majivu, na kazi hiyo inafungua ile vitamini iliyofungwa ndani ya punje. Wazungu walichukua mbegu, wakaacha akili yake nyuma ya bahari. Walidhani mama wa Meksiko anapoteza muda.

Ndugu msomaji wa Walikale ameshaelewa tunakokwenda. Muhogo mchungu una sumu. Mama anauloweka majini siku kadhaa mpaka unalainika, anaumenya, anauanika, ndipo anautwanga. Akifupisha siku kwa haraka au kwa njaa, sumu inabaki. Katika Kongo yetu, upande wa Kwango, daktari Giovanni Trolli, mwenye asili ya Italia, aliandika mwaka 1938 juu ya ugonjwa unaoitwa konzo: mtu mzima analala akiwa salama, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Baadaye wataalamu walionyesha uhusiano wake na muhogo usiolowekwa vya kutosha, hasa pale ambapo watu hawana maharagi, samaki wala nyama ya kusindikiza.

Kwa hiyo yale tunayoyaita "kazi za wanawake", kuloweka, kuanika, kuchachua, ni elimu. Hakuna aliyeiandika ubaoni, lakini imeokoa watu wengi.

6. Jibini yenye jina

Kabla ya kuondoka Parma walitupeleka katika nyumba ya kutengeneza ile jibini yao kubwa, Parmigiano Reggiano. Tuliona masufuria ya shaba, maziwa ya jioni yaliyochanganywa na ya asubuhi, na mafundi wawili wanainua bonge zito kwa kitambaa. Hakuna kinachoongezwa isipokuwa chumvi na dawa ya kugandisha inayotoka katika tumbo la ndama. Mviringo mmoja unakula maziwa karibu lita 550, unapima karibu kilo 40, na unapumzika juu ya mbao angalau miezi 12. Fundi anaupiga kwa nyundo ndogo na kusikiliza, kama sisi tunavyogonga mtungi sokoni.

Tulichokitazama zaidi ni ngozi yake. Pande zote pameandikwa jina, kwa nukta nukta, limechapwa tangu siku ya kwanza. Mtawala wa Parma alilinda jina hilo kwa hati mwaka 1612. Wazalishaji waliunda chama chao mwaka 1934, na tangu mwaka 1996 sheria ya Ulaya inakataza mtu mwingine kulitumia. Kuna benki ya kule inayopokea ile miviringo kama rehani na kumkopesha mfugaji pesa.

Hapo tulikumbuka fromaji yetu ndani ya pipa. Haikutupwa kwa sababu ilikuwa mbaya. Ilitupwa kwa sababu haikuwa na karatasi. Na sisi, walimu, tulipoulizwa ilivyotengenezwa, na nani, na lini, hatukuwa na jibu la kuaminiwa. Tulijua kula tu.

7. Maziwa yanayoweza kusafiri

Tulirudi nyumbani na aibu hiyo, tukaanza kuuliza. Wazee wa Masisi walituambia kwamba kwa asili maziwa ya kwetu yalikuwa ya kunywewa, ya kugandishwa kuwa mashanza, na ya kusukwa katika kibuyu ili kutoa mafuta. Fromaji iliingia miaka ya 1970 pamoja na wamisionari wa Ubelgiji. Milima ya Masisi ina baridi, majani mengi na ng'ombe. Kilichokosekana kilikuwa barabara. Maziwa ya asubuhi hayawezi kungoja lori lililokwama siku mbili. Fromaji inaweza. Fromaji ni maziwa yanayoweza kusafiri, na njo sababu ya kweli iliyofanya ishike mizizi kwetu.

Kazi yake tumeiona mara nyingi upande wa Mushaki na Ngungu. Maziwa yanachujwa, yanapashwa moto wa kuni mpaka yawe vuguvugu kama mkono, yanatiwa dawa ya kugandisha. Bonge linakatwa vipande, maji yake yanatolewa na kupewa nguruwe. Kinachobaki kinawekwa katika forma zenye kitambaa, kinakandamizwa, kinalowekwa katika maji ya chumvi, kisha kinapangwa juu ya mbao na kugeuzwa kila siku kwa wiki kadhaa. Lita 10 hivi zinatoa kilo moja. Wamisionari waliofundisha waliondoka zamani. Wanaofanya leo walijifunza kwa baba au kwa jirani, wanapima joto kwa kiwiko, wanajua mvua ya Novemba inabadilisha nini katika maziwa. Fromaji hiyo inauzwa Goma, inapelekwa Bukavu, na kabla ya mwaka 2025 ilikuwa ikipanda ndege mpaka Kinshasa. Kwa kipimo tulichokipata Italia, yule mwanafunzi wa nyuma alijibu vizuri.

8. Kinachoweza kupotea

Mei 2012, miezi saba baada ya safari yetu, tetemeko la nchi liliangusha maghala ya jibini katika jimbo lile la Parma na Modena. Miviringo kwa mamia ya maelfu ilianguka na kupasuka. Mpishi mmoja wa Modena, Massimo Bottura, alitunga wali wa jibini ile ili watu waipike nyumbani, na watu wa Italia na wa nje wakainunua ile iliyopasuka. Waliweza kuiokoa kwa sababu kila mtu alijua jina lake.

Sisi tetemeko letu ni vita. Tangu machafuko ya Machi 1993, yaliyoanzia soko la Ntoto katika Walikale, Masisi imepoteza ng'ombe mara nyingi: wameibiwa, wamechinjwa, wamepelekwa mbali. Kila mara watu walirudi, wakaanza tena na ng'ombe wawili watatu. Mwaka 2023 vita vilipita Kitchanga na Mushaki. Januari 2025 vilifika Masisi-centre, kisha Goma, na Machi 2025 Walikale-centre.

Fundi mmoja wa fromaji tunayemfahamu alipokimbia hakubeba godoro. Alibeba forma zake nne za bati na kitambaa cha kuchujia. Tulipomkuta chini ya turubai karibu na Goma, forma zilikuwa zimegeuzwa viti vya watoto. Alituambia: "Mwalimu, maziwa iko fasi yote. Ila mutoto wangu ameshafika miaka kumi, hayaona nikifanya." Hakulia. Aliisema kama mtu anayehesabu deni.

Maneno hayo tuliyasikia kwa namna nyingine kwa mama wa Walikale. Watoto waliozaliwa katika kambi wanajua unga unaotoka katika gunia la msaada. Unga huo umeokoa maisha, na tunashukuru. Lakini unafika umekwisha kusagwa. Mtoto haoni kuloweka, haoni kuanika, hahesabu siku. Siku wazazi wake watakaporudi kijijini na kuukuta muhogo mchungu shambani, nani atamwambia ni siku ngapi? Zile kambi kubwa za kandokando ya Goma zilivunjwa Februari 2025, na watu wengi walirudi makwao mikono mitupu. Kwa hiyo swali hili ni la leo.

Katika hadithi ya Mwindo ya Banyanga, iliyochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, shujaa akisha kurudi kutoka juu mbinguni anawapa watu wake amri. Mojawapo ni kulima vyakula vingi. Nyingine ni kutogombana. Wazee walijua kwamba amri hizo mbili zinakwenda pamoja.

Ombi letu kwa wasomaji wa kijitabu hiki si kubwa. Kila mmoja achukue ukurasa mmoja wa daftari, akae na mama, shangazi au fundi, aandike kazi ya chakula kimoja tu: siku ngapi, maji gani, moto gani, jani gani, na makosa yanayoua. Aandike pia jina la kijiji. Wa Masisi waanze na fromaji na mashanza, wa Walikale waanze na muhogo na kasiksi. Kurasa hizo zikifika kwa chama chetu zitawekwa pamoja, na siku moja mtu wa forodha akiuliza karatasi, tutakuwa nazo.

Yule padri mzee hatukupata kumwona tena. Katika barua yake ya mwisho aliuliza tena habari za fromaji. Tulimjibu kwamba inaendelea kutengenezwa. Wakati ule ilikuwa kweli pande zote za Masisi. Tunataka ibaki kuwa kweli.